Kicheko cha Leo na Fimbo ya Kesho

Nyumba yenye mtoto wa mwaka mmoja na nusu au miwili haina haja ya kutafuta mchezo wa kutazamwa kwa fedha. Mchezo umo mle mle ndani, huanza kabla jogoo hajawika mara ya pili, na mchezaji wake hataki ujira ila uji. Mama angali amelala, mara huhisi kidole kidogo kikimfunua kope la jicho, na sauti ikiuliza, "Mama, umo?" Baba naye hutafuta viatu vyake aende kazini, akaona kimoja tu. Cha pili kinatembea uani, kimevaliwa na mtu ambaye mguu wake mzima haujazi hata kisigino cha kiatu kile, naye anapunga mkono akisema, "Kwa heri, nakwenda kazi."

Uji ukipoa, hanywi kwanza yeye. Humkamata kifaranga, akamlisha kwa kijiko kwa nguvu na kwa upendo mwingi, hata mama kuku aje kudai mwanawe kwa mdomo na kwa mabawa. Akiona kinu ki tupu, huingia ndani yake. Akiisha kuingia, hajui kutoka, hulia humo kama mtu aliyetumbukia kisimani. Watu wakija kumtoa, hucheka. Na akiisha kutolewa, huingia tena. Mchana hupika. Hupika mchanga katika kifuu cha nazi kwa mwiko wa mama yake, akampakulia bibi yake aliyeketi mkekani. Na bibi, mtu mzima mwenye mvi, anayesikilizwa na kina mama wote wa kanisa, hana budi kupokea kwa mikono miwili, na kutafuna hewa, na kusema, "Ahsante, tamu sana," maana asipokula, mpishi hakubali kuondoka. Jioni kijiko cha chai hakionekani. Nyumba nzima hutafuta mvunguni na pembeni. Mwisho huonekana ndani ya mtungi wa maji ya kunywa, pamoja na ufunguo wa sanduku na kiazi kimoja. Na usiku, tunapoomba kabla ya chakula, yeye ndiye wa kwanza kusema "Amina," tena huisema baba akiwa bado katikati ya sala, kwa kuwa amekwisha kujua ya kwamba neno hilo ndilo mlango wa wali.

Ni nani asiyecheka? Sisi twacheka, na ninyi mwacheka, na hatudhani kwamba Mungu achukizwa. Mtu aliyechoka kwa jembe la mchana kutwa, akirudi nyumbani akamwona mwanawe amevaa sufuria kichwani kama kofia, moyo wake hupumzika kuliko kwa dawa. Basi hatukuja leo kukataza kicheko. Lakini liko swali moja juu ya kicheko hiki, nalo si dogo. Lilitupata sisi wenyewe, na siku lilipotupata tulishindwa kulijibu.

Jirani yetu ni mzee mmoja ambaye zamani alianguka mnazini akavunjika mguu. Mfupa uliunga kwa kupinda, na tangu siku hizo huchechemea, akienda kwa mkongojo. Kila asubuhi hupita mbele ya nyumba yetu, naye hasahau kumletea mtoto wetu chungwa. Mtoto huyu alipotimiza miaka miwili, siku moja mzee akiisha kupita, aliokota kijiti, akainamisha mgongo, akakunja mguu mmoja, akaanza kuchechemea uani vile vile hasa kama mzee, hata na kuguna kwake kila hatua ya tatu. Tulicheka mpaka machozi yakatutoka. Mama yake alikuwa akipepeta mchele. Ungo ukamponyoka, kuku wakapata karamu. Tukamwita jirani wa upande wa pili aje kuona. Tukamwambia mtoto, "Fanya tena! Babu hutembeaje?" Naye akafanya tena. Kwa muda wa juma zima kila mgeni aliyetufikia, akiisha kuamkiwa, alionyeshwa mchezo huo, na mchezaji akapewa kipande cha muwa.

Jumapili ikafika. Watu walikuwa wametoka kanisani, wamesimama chini ya mwembe wakiamkiana, na mzee akaja kati yao na mkongojo wake. Mtoto akamwona. Akatazama wingi wa watu, akaona kwamba hapa ndipo penye watazamaji hasa. Akaokota kijiti, akamfuata mzee kwa nyuma, akichechemea na kuguna, na kila hatua mbili akitugeukia sisi ili tucheke. Vijana wawili watatu walicheka. Sisi tuliona haya mpaka masikio yakatuwaka. Tukamrukia mtoto, tukampiga makofi mapajani, tukasema kwa sauti ya kusikiwa na watu wote, "Mtoto huna adabu! Ni nani aliyekufundisha?"

Mtoto hakulia mara moja, na hilo ndilo linalotuuma hata leo. Alitutazama usoni kwa kitambo, kama mtu aliyerudi kwake akakuta mlango haupo mahali pake. Kisha ndipo alipolia. Na yule mzee akageuka, akatuuliza taratibu, bila hasira, "Mwalimu, umempiga kwa kosa la nani?"

Hatukuwa na jibu. Basi swali letu ni hili: Je, ni haki kumcheka mtoto leo na kumpiga kesho kwa jambo lile lile? Na kama jambo lile lilikuwa baya, ubaya wake ulitoka kwa nani?

Wako watu watakaosema, "Ninyi mwajisumbua bure. Mtoto wa miaka miwili hana akili. Alifanyalo ni mchezo, na kicheko chetu ni upepo, hupita." Neno hili lina kweli kidogo, maana mtoto mchanga hawezi kuhukumiwa kama mtu mzima. Lakini zamani sana alikuwako mtu mmoja wa Afrika aliyelipima neno hili, akaliona halitoshi. Huyu ni Agostino Mtakatifu, aliyezaliwa mwaka 354 katika mji wa Thagaste, katika nchi iitwayo leo Algeria, akawa askofu wa Hippo mpaka kufa kwake mwaka 430. Katika kitabu chake cha Maungamo asimulia jinsi alivyomwona mtoto mchanga, asiyejua bado kusema, akimkazia macho mwenzake anayenyonya pamoja naye, uso umembadilika kwa wivu. Agostino asema kwamba watu wazima huvumilia mambo kama hayo kwa upole, wala si kwa sababu si kitu, bali kwa sababu watumaini yatakwisha kwa kukua. Na ushahidi ni kwamba mtu mzima akifanya yayo hayo, hakuna amvumiliaye. Hapo ndipo hatari ilipo. Wivu wa mtoto huenda ukaisha wenyewe kama meno ya utoto yang'okavyo. Lakini jambo lililoshangiliwa kwa kicheko na kulipwa kwa muwa haliishi hivyo, lapata shina.

Wako wengine watakaosema kinyume: "Mlifanya vema kumpiga. Samaki mkunje angali mbichi. Na mchelea mwana kulia hulia yeye." Mithali hizi ni za kweli, nasi twazifundisha. Lakini tuziangalie vizuri. Mithali yasema samaki akunjwe angali mbichi. Haikusema kwamba huanza kukunjwa siku ile tu tuonapo haya mbele ya watu. Juma zima tulikuwa tukimkunja samaki huyu bila kujua. Kila kicheko chetu kilikuwa mkono, na kila kipande cha muwa kilikuwa mkono wa pili. Tulimkunja upande mbaya kwa siku sita, na siku ya saba tukamlaumu samaki kwa kupinda. Kofi lile halikuwa malezi. Lilikuwa haya yetu wenyewe, tuliyoitua kutoka kichwani petu tukamtwika mtoto.

Labda mtu atauliza, "Kicheko kitamfundishaje mtoto asiyefahamu maneno?" Twajibu: Mtoto husoma nyuso kabla ya kufahamu maneno, na kitabu chake cha kwanza ni uso wa mama na baba. Mwaka 1985 James Sorce na wenzake watatu, wataalamu wa Marekani, walitangaza habari ya jaribio walilolifanya kwa watoto wa umri wa mwaka mmoja. Walitengeneza meza pana iliyofunikwa kwa kioo kigumu. Nusu ya meza, chini ya kioo palikuwa na ubao karibu. Nusu ya pili ubao ulishushwa, hata ikaonekana kama pana shimo, ijapokuwa kioo kilipita juu yake chenye nguvu ya kumchukua mtoto. Mama alisimama ng'ambo, na mtoto akaanza kutambaa kumwendea. Alipofika ukingoni mwa lile shimo la macho, alisita, akainua uso kumtazama mama yake. Mama hakuruhusiwa kusema neno, ila kuonyesha uso tu. Katika watoto 19 walioona uso wa furaha, 14 walivuka. Katika watoto 17 walioona uso wa hofu, hakuvuka hata mmoja.

Fikirini jambo hili. Kioo kilikuwa kile kile, na shimo lilikuwa lile lile. Tofauti ilikuwa usoni mwa mama. Wala hatuna haja ya kwenda Marekani kulithibitisha. Mtazameni mtoto wenu anapounyoshea mkono moto wa taa: kabla hajaugusa, hugeuka kukutazama. Macho yake yauliza, "Je, hili ni nini?" na uso wako wajibu. Ukikunja uso, umesema, "Ni baya." Ukicheka, umesema, "Ni jema, endelea." Waweza kusema "Acha!" kwa mdomo huku ukicheka kwa macho, nawe wadhani umemkataza, lakini yeye ameshika neno la macho, maana hiyo ndiyo lugha aliyoijua kwanza.

Jioni ya Jumapili ile tulikwenda nyumbani kwa mzee, sisi na mama yake mtoto, na mtoto amebebwa mgongoni. Tukamwamkia, akaitikia, akatukaribisha kitini. Tukasema, "Mzee wetu, tumekuja kuomba radhi. Mtoto amekuvunjia heshima mbele ya watu, nasi ndio tuliomzoeza." Mzee alinyamaza kidogo, akimtazama mtoto aliyekwisha kushuka mgongoni na kuanza kuuchezea mkongojo wake. Kisha akasema, "Mwalimu, mtoto huyu siku ya kwanza hakunidhihaki. Avaapo viatu vyako asubuhi, je, akudharau? Anaiga akupendaye. Na mimi aliniiga kwa kuwa ananipenda. Kwake yeye mguu wangu ulikuwa mguu wa Babu tu, basi. Ninyi ndio mliomjulisha ya kuwa ni kitu cha kuchekwa."

Ndugu wasomaji, tumehubiriwa mara nyingi, lakini hatukumbuki mahubiri yaliyotuchoma kama maneno hayo machache. Maana alisema kweli. Mtoto huiga kila kitu: kikohozi cha padre, wimbo wa mama, mwendo wa bata. Kitendo chake bado hakina jina. Hakijawa heshima wala dhihaka. Hukileta mbele yetu kama mtu aletaye mtoto kanisani, nasi ndio tumpao jina. Mtoto wetu alileta upendo, nasi kwa kicheko chetu tukaupa jina la dhihaka. Na alipolikubali jina tulilompa, tukampiga. Tena tulisahau mithali ya wazee wetu, hujafa hujaumbika. Mguu wa mzee yule ungaliweza kuwa mguu wetu.

Kwa hiyo yafaa tupambanue kicheko na kicheko, maana havitoki vyote katika chemchemi moja. Katika kitabu cha Mwanzo, mlango wa 21, twasoma habari za nyumba ya Ibrahimu. Sara amezaa mwana katika uzee wake, na jina la mwana ni Isaka, ambalo maana yake ni "anacheka." Sara mwenyewe akiri kwamba Mungu amemletea kicheko. Lakini katika mlango ule ule, siku ya karamu ya kuachishwa Isaka maziwa, Sara amwona mwana wa Hajiri naye akicheka, na kicheko hicho wengi walikifasiri kuwa ni dhihaka. Katika Kiebrania maneno hayo mawili ni ya shina moja. Kicheko cha kwanza kiliijaza nyumba furaha. Cha pili kiliipasua, hata mama na mwana wakatolewa wakaenda jangwani. Nyumba moja, shina moja la neno, na matunda mawili mbalimbali.

Sisi twaona vicheko vya namna tatu katika nyumba zetu. Cha kwanza ni cha furaha: mtoto yumo kinuni, au amesema "Amina" kabla ya wakati. Hapa hakuna aliyeumizwa, na mtoto mwenyewe hucheka pamoja nasi. Kicheko hiki na kidumu.

Cha pili ni kile tulichokicheka sisi, kicheko cha kushangilia jambo ambalo hatungependa kuliona kesho. Mtoto ametamka tusi alilolisikia dukani; kwa kuwa ulimi wake haujui bado kulitamka vizuri, lavunja mbavu, nasi twamwambia arudie. Amempiga dada yake kwa mwiko, nasi twasema, "Tazama dume!" Akifika miaka saba, akitukana vizuri na kupiga vizuri, twatafuta fimbo. Lakini yeye hakubadilika. Alikuwa mwanafunzi hodari wa shule yetu. Sisi ndio tuliobadili somo bila kumwarifu.

Cha tatu ndicho kibaya kuliko vyote, nacho ni kumcheka mtoto katika uchungu wake. Wako watu wazima ambao mchezo wao ni kumwambia mtoto, "Mama yako amekwenda zake, harudi tena," mpaka midomo yake itetemeke, nao wakaanguka kwa kucheka. Kwao ni mzaha wa dakika moja. Kwa mtoto ni mwisho wa dunia, maana dunia yake ndiyo mama yake. Agostino, akiwa mtu mzima na askofu, hakusahau ya kwamba alipopigwa shuleni alikuwa akimwomba Mungu asipigwe, na watu wazima, hata wazazi wake, waliyacheka mapigo yake. Miaka mingi ilikuwa imepita, na kicheko kile kilikuwa bado kinamuuma. Bwana wetu alimweka mtoto mdogo katikati ya wanafunzi wake, akawaonya kwa maneno mazito, pamoja na habari ya jiwe la kusagia kufungwa shingoni, wasimkwaze hata mmoja wa wadogo hawa. Twadhani kwamba kikwazo si mfano mbaya wa ulevi na wizi peke yake. Hata kicheko chaweza kuwa jiwe njiani.

Sasa na tujibu wale watakaouliza juu ya uongo, maana hili huwasumbua wazazi wengi. Mtoto amekunywa maziwa yaliyowekwa kwa mgeni. Ukimwuliza, akujibu, "Paka," na huku mdomo wake mweupe mpaka puani. Je, ni mwongo? Twadhani si mwongo kama mtu mzima. Mwongo ni yule aijuaye kweli na kuificha kwa kusudi; mtoto wa miaka miwili huenda asema lile atamanilo liwe kweli. Lakini mbegu imo. Ukicheka, amejifunza kwamba uongo hufurahisha watu. Ukimpiga, amejifunza kwamba siku nyingine yafaa afute mdomo kwanza.

Charles Darwin, mtaalamu wa Uingereza ambaye wengi wamjua kwa mambo mengine, alikuwa baba aliyewatazama sana watoto wake. Mwaka 1877 alichapisha habari za mwanawe wa kwanza, alizoziandika mtoto alipokuwa mdogo. Asema kwamba mtoto alipokuwa na umri wa miaka miwili na miezi saba na nusu, alikutana naye akitoka katika chumba cha kulia, macho yanang'aa, mwendo si wa kawaida. Akaenda kutazama, akafahamu kwamba alikuwa amekula sukari iliyokatazwa. Baada ya majuma mawili akakutana naye tena, amekunja kwa uangalifu nguo yake ya kifuani. Alipomwuliza kuna nini, mtoto alisema hakuna kitu, akamwamuru baba yake aende zake. Nguo ilipokunjuliwa, ilikuwa na madoa ya maji ya achari. Mtoto huyu hakuwa amepigwa kamwe, kwa hiyo, asema Darwin, hakuficha kwa kuogopa fimbo. Na kwa kuwa alilelewa kwa kuamshwa hisia zake njema tu, muda si mwingi akawa mkweli na mwenye moyo mwema kama mtu awezavyo kutamani.

Hatusemi kwamba malezi ya nyumba moja ya Uingereza ni sheria ya nyumba zote. Lakini twaona kwamba liko jambo la tatu mbali na kucheka na kupiga. Mfute mtoto mdomo, mwambie bila hasira, "Umekunywa maziwa wewe. Paka hakunywa. Ukiwa na njaa, sema, 'Mama, nipe.'" Hivyo umempa kweli mkononi, naye ameona kwamba kweli haiumi.

Basi je, tutembee na nyuso zilizokunjwa, nyumba iwe kama mahakama? La, hasha. Mtume Paulo aliwaonya akina baba wasiwachokoze watoto wao, na hakuna kitu kimchokozacho mtoto kama uso usiocheka kamwe. Twataka mambo matatu tu. La kwanza, kabla ya kucheka, jiulize, "Je, akilifanya hili mbele ya wageni, nitacheka?" Kama jibu ni la, basi usicheke sasa, na kicheko kikikushinda, maana mara nyingine hushinda, nenda nyuma ya nyumba, ucheke huko mpaka uchoke, urudi na uso wa kufundisha. La pili, sheria ya nyumbani iwe moja, siku ya wageni na siku isiyo na wageni. Maana mtoto akiona kwamba jambo ni tamu Jumatatu na chungu Jumapili, hatajua baya na jema, atajua tu hasira na furaha za baba. La tatu, ukijiona umekwisha kumfundisha baya, anza na wewe kuomba radhi kabla ya kushika fimbo. Wengi waogopa kwamba mzazi akiungama hupungukiwa na heshima. Sisi tulikwenda kwa mzee tukiwa wadogo, tukarudi bila aibu ile tuliyokwenda nayo.

Asubuhi ya Jumatatu mzee alipita kama desturi, akampa mtoto chungwa. Mtoto akaokota kijiti chake. Lakini kabla ya kuinama, alisimama akatugeukia, akatutazama usoni kwa muda mrefu. Hapo tulifahamu uzito wa uso wa mzazi, maana mtoto wa miaka miwili alikuwa akiuliza kwa macho kama ni halali kumpenda Babu kwa namna aijuayo yeye. Hatukucheka wala hatukukunja uso. Tukaitikia kwa kichwa. Akaenda akichechemea kando ya mzee mpaka penye mchungwa, mkono mmoja una kijiti, mkono wa pili umeshikwa na mzee, nao wakizungumza habari za kuku. Hakuitwa jirani kutazama. Baada ya siku chache mchezo ulikwisha wenyewe, kwa sababu alipita mtu mwenye baiskeli yenye kengele, na tangu siku hiyo uani kwetu hakuna amani.

Mungu aliyetupa watoto atujalie na sisi nyuso zinazofaa kusomwa nao.